Mwaka Nilioacha Ukunga

Wiki iliyopita nilirudi kutoka Kilwa Kivinje, kwenye hitima ya Hadija. Nilikaa ndani na wanawake, nimeegemea ukuta kwa sababu ya mgongo, sahani ya wali mbele yangu, na mjukuu wake mmoja, binti ambaye naye anasomea uuguzi, akawa ananitambulisha kwa wageni. "Huyu ni Bibi Otilia. Alisoma na marehemu kule Lindi, enzi za Waingereza. Naye ni mkunga." Mwanamke mmoja mtu mzima, aliyekuwa akigawa nyama, akainua uso akasema, "Mkunga wapi! Huyu ndiye yule wa vichaa." Watu wakacheka, na mimi nikacheka, maana kwenye msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi kicheko hakikatazwi. Binti hakucheka. Alinikazia macho akauliza, "Bibi, ulipelekwa au ulichagua?" Nikamjibu nilichagua. Akasubiri niendelee, nikashindwa. Watu walikuwa wengi, na nusu ya maneno yenyewe yalikuwa ya Hadija, ambaye udongo wake ulikuwa haujakauka. Ndiyo maana nayaandika leo hapa nyumbani Masoko, nikiwa peke yangu, na mlango nimeurudishia.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa mafunzo katika hospitali ya Lindi. Chumba chetu kwenye nyumba ya manesi kilikuwa na vitanda vitatu na dirisha moja lililotazama jiko, kwa hiyo tuliamka kwa harufu ya moshi na uji, tukalala na harufu ya sabuni ya sakafu iliyotuganda mikononi. Kitanda cha tatu hakikuwa na mtu. Tulikitumia kutandaza yunifomu tulizozitia wanga wa muhogo, zisipate mikunjo, na siku za mapumziko tuliziondoa tukakaa hapo kula ming'oko, vile viazi vya porini, tuliyoichemsha kwa chumvi na pilipili. Mimi Mmatumbi wa Kipatimu, rozari ndani ya gauni. Yeye mtoto wa Kivinje, ambaye akisahau bismillahi huacha kutafuna na kuanza upya. Alinicheka nilivyoogopa bahari, nami nikamcheka alivyoogopa giza. Sikuwahi kuwa na rafiki wa namna ile kabla yake, na baada yake sikumpata mwingine. Hata hivyo mwaka ule nusura tupotezane, na kisa hakikuwa mwanamume wala uongo wa watu. Kisa kilikuwa kazi.

Matroni alituita ofisini mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa Mwingereza mrefu, mkavu, aliyejifunza Kiswahili vitabuni na kukitamka polepole kama mtu anayepita kwenye utelezi. Alitueleza kwamba baada ya mtihani wa mwisho nesi anaweza kubaki nesi wa wodi maisha yake yote, na hilo si aibu, ila mwenye kutaka zaidi lazima ajue njia anayoiendea inadai nini. Chumba cha upasuaji kilikuwa cha wanaume. Wodi ya kifua kikuu ilikuwa na nafasi, lakini haikuwa na cheti. Ukunga ulikuwa kozi kamili. "Anayekwenda awe amefaulu," alisema, "aweze kuandika taarifa ya mgonjwa kwa Kiingereza, asiwe ameolewa, wala asiolewe mpaka amalize. Halafu atafanya kazi popote atakapopangwa, hata mahali asipomjua mtu. Na kutoka hapa nafasi ni moja." Mimi na Hadija hatukutazamana. Yeye akauliza, nadhani kwa ajili ya kuvunja ukimya, "Na njia nyingine hakuna, Matroni?" Matroni akasema, "Ipo ya wagonjwa wa akili, huko bara. Hapa hajawahi kwenda mtu." Aliitaja kama mtu anavyotaja barabara iliyokatika kwa mvua, akaendelea na mambo mengine.

Nilikuwa nautaka ukunga kuliko kitu chochote. Mkunga alikuwa mtu mbele ya watu. Akipita sokoni Lindi wanawake walimwachia njia. Nyumba aliyozalisha hapiti bila kukaribishwa chakula. Wazee waliompita umri walimwita mama. Hadija naye aliutaka vilevile. Tangu siku ile chumba chetu kikabadilika bila mmoja wetu kukiri. Zamani tulisoma pamoja, mmoja akiuliza, mwingine akijibu. Sasa yeye akachukua madaftari yake akaenda kusomea verandani, nami nikajifanya nimelala ili nisome akishalala yeye. Tukigawana chakula kila mmoja alimsukumia mwenzake kipande kikubwa, kwa adabu iliyozidi. Nikisikia Matroni amemsifu kwa mkono wake mwepesi, chakula kilinikwama, na ninajua naye aliposikia nimeongoza mtihani wa majaribio alikwenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa alipoletwa Somoe. Alitoka Kiswere kwenye lori la samaki wakavu, mikono imefungwa kwa kanga, nywele zimemsimama, na mama yake, Bi Fatu, amekaa kando yake na kichanga mapajani. Alikuwa amejifungua salama nyumbani, mtoto wa kiume, mzaliwa wake wa kwanza. Halafu usingizi ukamhama. Akaacha kula, akawa anazungumza na watu ambao wengine hawakuwaona, ikafika hatua anamsukuma mtoto kwa mguu. Daktari alisema ni kichaa cha uzazi. Bi Fatu alisema ni pepo wa baharini. Mume wa Somoe, Sefu, mchuuzi wa papa mwenye mabega mapana na sauti ndogo, alisimama mlangoni na kofia mkononi. Siku hizo kichaa asiye na mahali aliwekwa mahabusu mpaka usafiri wa kumpeleka bara upatikane. Daktari akakataa: mwanamke huyu ana maziwa kifuani na mtoto anayahitaji. Wakaondoa mashuka katika stoo iliyopakana na wodi ya wazazi, wakaweka godoro chini, na mlangoni wakatia kufuli.

Ikabaki nani wa kukaa naye. Wahudumu wenye misuli walikuwa wanaume, na Bi Fatu aliapa kuwa mwanamume hatamgusa mwanawe akiwa hajitambui. Manesi wakubwa kila mmoja akakumbuka kazi yake mahali pengine. Matroni akatugeukia sisi wawili. Tupokezane, akasema, mmoja akitoka mwingine aingie, na mwenye zamu ndiye mwenye ufunguo. Hadija aliniambia jioni ile waziwazi, "Mimi namwogopa, Otilia. Macho yake yananipita kama sipo." Nami nilimwogopa. Mara ya kwanza nilipoingia na uji nilikaa karibu na mlango, mgongo ukutani. Somoe alinitazama muda mrefu, kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa ya mwenyeji kwa mgeni, "Wewe umezaa?"

"Sijazaa, dada."

"Basi hujui."

"Sijui," nikasema. "Niambie."

Hakuniambia siku ile. Lakini alikunywa uji nusu bakuli.

Mtoto ndiye aliyekuwa akitutia hofu zaidi. Maziwa ya kopo yalimharisha. Mama mmoja wa wodini alimnyonyesha kwa huruma siku chache, mumewe akaja kumtembelea, akaona, akamkataza, asije akaleta balaa nyumbani. Tukajaribu kumpelekea Somoe mwanawe: Matroni upande mmoja, mimi upande mwingine tumemshika mikono, Bi Fatu akimweka mtoto titini. Somoe alipiga yowe ambalo wajawazito wodini walilisikia wakaanza kulia. Akaning'ata mkono hapa juu ya kifundo, na mtoto akashtuka akakataa kabisa kunyonya. Tukatoka tunahema. Maziwa yalikuwa yanamvuja mpaka yamelowesha kanga, na kwenye korido mtoto analia kwa sauti iliyokuwa nyembamba kuliko jana yake. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Nilikuwa nimesoma maana yake kitabuni, kwamba maji yanamwishia mwilini, na sasa nilikuwa naigusa kwa kidole.

Kidogo kidogo Somoe akaanza kunieleza. Mtoto yule hakuwa wake. Wenyewe wa baharini walikuja akiwa amelala, wakamchukua wa kwake, wakamwachia wao. Akiwarudishia wao, watamrudishia wake. Aliyasema kwa utulivu, kama mtu anayeeleza kuwa jirani amebeba ndoo isiyo yake. Nikamweleza Matroni. Akaniagiza nisijadiliane naye, nimwambie ukweli tu, kwa upole na kwa uthabiti. Nikatii. Nilisema, "Dada, ni wako huyu." Somoe akageukia ukuta, na siku nzima hakunirudishia neno wala hakugusa chakula. Kesho yake nikakaa tu.

Siku hiyohiyo, kupitia wavu wa dirisha, tukasikia watu wakizungumza nje. Walikuwa Sefu na Bi Fatu.

"Mama, mimi nakuheshimu," Sefu alisema, "lakini hapa hakuna kinachofanyika. Nyumbani wamekwisha kumpata fundi wa kupunga pepo. Ijumaa nakuja na gari, namchukua."

"Na mtoto?"

"Mtoto Mungu anamjua."

"Mungu anamjua, na mimi namjua," Bi Fatu akasema. "Hafiki Kiswere huyu. Atakufa njiani, mapajani kwangu. Unalijua hilo, baba?"

Tulisikia viatu vya Sefu vikikanyaga kokoto. Somoe, ambaye nilidhani hasikilizi, akaniambia polepole, "Wananigawana." Nilipotoka zamu nilijua kwamba tunayo mpaka Ijumaa, na kwamba sina la kufanya na muda huo.

Jambo lilitokea kabla ya Ijumaa, mchana mweupe. Nilikuwa jikoni nakosha sahani yangu. Hadija alikuwa zamu. Nikasikia Bi Fatu akiita jina la mwanawe, mara ya kwanza kwa kuuliza, mara ya pili kwa kilio. Alikuwa amemlaza mtoto juu ya mkeka koridoni, akageuka kuswali adhuhuri. Alipotoa salamu mkeka ulikuwa mtupu. Nikakimbia. Mlango wa stoo ulikuwa wazi, kufuli linaning'inia na ufunguo wake ndani. Hadija hakuwepo. Nyuma ya wodi palikuwa na birika la saruji la kukinga maji ya mvua, kina chake kinampita mtu mrefu, na mhudumu aliyekuwa akichota alikuwa ameacha mfuniko wa mbao umesogezwa kando. Somoe alikuwa ameketi kwenye ukingo wake, miguu imeelekea ndani, mtoto amemlaza juu ya mkono mmoja, na mkono ule uko juu ya maji.

Wahudumu wawili na mtunza bustani walikuwa wamekwisha kufika. Mmoja akanong'ona, "Tumrukie kwa nyuma." Nikasema, "Msisogee." Sijui sauti ile niliitoa wapi, wote walinipita umri, na wote wakasimama. Nikatembea mpaka nikabakiza hatua chache, nikasema neno lililokuwa karibu na mdomo:

"Dada Somoe, shikamoo."

"Marahaba," akajibu, bila kugeuka.

"Unakwenda wapi na mtoto?"

"Namrudisha kwa wenyewe."

Maneno ya Matroni nilikuwa nayo. Yalikuja yote mpaka kwenye ulimi: ni wako, ulimzaa wewe, mama yako ni shahidi. Nikautazama mkono wake, ulivyokuwa ukishuka kwa uzito mdogo ule, nikajua kwamba nikiyasema atageuka kama alivyogeukia ukuta. Mtoto akalia. Ndipo nikasema, "Watampokea analia njaa."

Akainamisha macho akamtazama.

"Mtoto wa watu anarudishwa na njaa, dada? Watasema Kiswere hakuna watu. Watasema amekaa kwa Somoe siku zote hizi hakupewa hata tone."

"Mimi si mchoyo," akasema, na sasa aligeuza uso. Alikuwa ameudhika kweli, kama mwenye nyumba aliyeambiwa hakukaribisha.

"Najua wewe si mchoyo. Ndiyo maana nakwambia. Mpe ashibe kwanza. Habari ya kumrudisha tutaizungumza ameshashiba."

Alifikiri. Nasema alifikiri kwa sababu nilikiona kipaji cha uso kikikunjamana. Kisha akasema, "Siwezi kujifunua mbele ya wanaume hawa."

Niligeuka nikawaambia waondoke. Hawakutaka; mmoja akasema wakiondoka na yule akajitupa, nani atajibu? Bi Fatu, aliyekuwa amefika na kanga ya kuswalia imemwanguka mabegani, akawasukuma kwa mikono miwili kama mtu anayefukuza mbuzi shambani, wakaenda. Hapo Somoe akageuza miguu, mmoja kisha mwingine, ikaja upande wangu. Nikaketi kando yake, nikashika fundo la kanga yake kwa nyuma, nimelikaza kiasi kwamba baadaye nilikuta alama za kucha zangu kwenye kiganja. Akamweka mtoto titini. Mtoto akatafuta, akakosa, akatafuta tena, akashika. Somoe akakunja uso kwa maumivu. Baada ya kitambo akasema, si kwangu, "Ana nguvu, huyu." Lilikuwa neno la kwanza alilosema juu yake ambalo halikuwa mashtaka. Tulikaa pale jua linatuchoma, kwa mbali wodini wanakimbizana na wanaita, mimi nahesabu pumzi za mtoto ili nisiyatazame maji. Aliposhiba nikasema, "Jua kali, dada, ataungua utosi." Somoe akasimama mwenyewe, akanitangulia kuingia ndani. Nilimpokea mtoto nikampa Bi Fatu, nikafunga mlango, nikampa na ufunguo aushike, nikaenda nyuma ya chumba cha dobi nikatapika wali wote niliokula.

Jioni Matroni alitusimamisha ofisini. Hadija hakungoja kuulizwa. "Ni mimi niliyeuacha mlango," akasema. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi alianza kutoka damu, hakukuwa na mkubwa wodini, wenzake wakapiga kelele, na Hadija akakimbia. Alimkanda tumbo kwa mikono yake mpaka daktari akafika, na mama yule alikuwa hai, amelala, amepauka kama majivu. Matroni alisikiliza yote. "Mlango ulikuwa wako," akasema. "Kama mtoto angekufa, ningeandika kwamba alikufa kwa sababu ya mlango wako." Hadija akasema, "Ndiyo, Matroni." Kisha ikawa zamu yangu. Nilimdanganya mgonjwa, Matroni akasema. Niliukubali wazimu wake. Nikamjibu kwa woga kwamba sikumwambia mtoto si wake, wala sikumwambia ni wake. "Nilimwambia ana njaa, Matroni. Alikuwa na njaa."

Daktari aliamua iendelee hivyohivyo. Kila mtoto alipohitaji kunyonya nilimpeleka mimi, kama mtu anayemleta mgeni, nikambishia hodi Somoe, akanikaribisha. Ijumaa Sefu akaja na gari na ndugu zake wawili. Alichungulia kwenye wavu, akamwona mkewe amemkumbatia mtoto, akasimama pale muda mrefu, jasho linamtiririka. Akaenda zake. Kesho yake akaleta papa mkavu na nazi, akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mpikieni hiyo. Hupenda papa wa nazi." Usidhani mambo yalinyooka. Somoe alinitupia sahani, akanishutumu kuwa nimetumwa, usiku mwingine alihitaji dawa ya kumlaza. Lakini mtoto alijaa mashavu. Na asubuhi moja, Bi Fatu akiwepo, Somoe akauliza, "Huyu anaitwa nani?"

"Anaitwa Athumani," mama yake akasema kwa tahadhari. "Jina la marehemu baba yako."

"Jina la baba yangu," Somoe akasema, "mmempa mtoto wa watu?" Akatutazama mmoja mmoja, kama anatafuta kosa liko wapi. Kisha akacheka kidogo, kicheko kikamgeuka kilio, akamshika yule mtoto kwa namna ambayo hakuwa amemshika bado. Bi Fatu alitoka nje. Mimi nilibaki, kwa kuwa nilikuwa zamu.

Somoe aliondoka korosho zilipoanza kuokotwa. Bi Fatu aliniomba nisimwambie mtu; kijijini watasema ilikuwa homa. Miaka mingi baadaye nilisikia alizaa tena, na ugonjwa ukamrudia mara moja, lakini safari hiyo Sefu alimpeleka hospitali mwenyewe mapema, bila kumfunga mikono.

Mtihani ukapita, tukafaulu sote wawili, na Matroni akaniita peke yangu. Nafasi ya ukunga ilikuwa yangu, akasema. Hadija alijiharibia mwenyewe. Nilikuwa nimeingoja sentensi ile mwaka mzima. Nilipoisikia nikaona mikono yangu inatulia tu mapajani.

"Matroni," nikasema, "siku ile ningekuwa mimi zamu, nisingetoka kwa Somoe. Ningesikia kelele za wodini, nikakaa. Yule mama angekufa. Hadija alisikia damu akakimbia. Nadhani mkunga ndiye huyo."

"Na wewe?"

"Naomba uniambie ile njia nyingine inadai nini."

Alivua miwani. Alinieleza bila kupunguza. Nitaanza chini upya kama mwanafunzi mgeni, cheti cha uuguzi ninacho, na wenzangu watakuwa wanapokea mshahara kamili. Miaka mingine mitatu, bila kuolewa. Nitabeba funguo, na kwa kila mlango nitaulizwa. Nitapigwa na sitaruhusiwa kurudisha. Wengine hawatapona, nitawahudumia mpaka wafe na hawatalijua jina langu. Na nikimaliza, pwani hakuna wodi ya namna hiyo, kwa hiyo nisitegemee kurudishwa nyumbani. "Tena wanapendelea watu wenye miili," akasema, akitazama mikono yangu.

"Somoe alitushinda nguvu, mimi na wewe, Matroni. Pale kwenye birika sikutumia nguvu."

"Ulibahatika," Matroni akasema. "Mara moja si kazi ya maisha, Otilia. Nenda kafikiri."

Neno lile liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Nimefanya kazi ile hadi kustaafu, na nimewapoteza wagonjwa ambao nilizungumza nao kama nilivyozungumza na Somoe, kwa upole uleule, na hawakugeuza miguu. Lakini nilifikiri kama alivyoniagiza, na nikarudi na jibu lilelile.

Hadija alizipata habari kabla sijamwambia. Nilimkuta kitanda cha tatu, anamenya ming'oko, maganda anayatupa kwa hasira.

"Nasikia umeniachia nafasi," akasema. "Sitaki sadaka."

"Si sadaka."

"Nani anaacha ukunga akafuate vichaa? Unataka maisha yangu yote niwe mkunga kwa huruma yako? Watu waseme Hadija aliacha mlango wazi, mwenzake akamsitiri?"

Nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata padri. "Pale kwenye birika niliogopa mpaka nikatapika. Na bado nilitaka niwe palepale, nisiwe mahali pengine. Wodi ya wazazi sijawahi kuitaka hivyo, Hadija. Kule nilikuwa natamani heshima. Nilitamani kupishwa sokoni."

"Basi na wewe una wazimu," akasema, akabeba sufuria akatoka. Tuliishi katika chumba kile kwa majuma, tukipishana mlangoni, tukiambiana "samahani" kama wapangaji. Nafasi aliichukua. Nilifurahi, na sikuwa na wa kumwambia kwamba nimefurahi.

Siku ya meli niliburuta sanduku langu kuelekea gatini peke yangu. Njiani likawa jepesi ghafla. Nilipogeuka nikamwona Hadija ameshika mkono wa pili wa sanduku, amevaa yunifomu, ametoroka kazini. Tulilibeba hivyo mpaka gatini. Watu walikuwa wanasukumana kupanda. Aliliweka sanduku chini, akanirekebishia kola ya gauni, kwa ukali, kama unavyomrekebisha mtoto anayekwenda shule.

"Ukipigwa huko," akasema, "niandikie. Usinifiche."

Nilipigwa wiki ya kwanza. Mama mmoja wa makamo, mpole siku zote, alinizaba kofi nikaona nyota, na msimamizi wa wodi akaniuliza kama nataka kurudi kwetu. Nilisema hapana. Jioni nikaomba karatasi.